Sehemu kwenye mlinganyo: una ruhusa ya kuitoa kabla hujaanza

Mtu akikwambia hesabu za kutafuta x zinamshinda, mpe x + 5 = 12 uone. Atatoa 5, atakuandikia 7 afu atakuangalia kama vile umemdharau. Mpe 3x = 21, nayo itapita. Sasa mwandikie x/3 + x/4 = 7, hapo ndo utaona kalamu inaanza kuzunguka hewani na mtu anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na kiu ya maji. x ni ileile, alama ya sawasawa ni ileile, kilichoongezeka ni vile vimistari viwili vya sehemu tu. Kwahiyo mi huwa nasema shida ya wengi wala sio aljebra, ni sehemu, zile za shule ya msingi ambazo hazikukaa vizuri kichwani, zikalala huko, sasa zinaamka kidato cha kwanza zimevaa x.

Kazi yangu ni uhasibu, sio mwalimu wa cheti. Ila ukishajulikana mtaani kwamba hesabu zinapanda basi imekwisha, jioni barazani kwangu hapa Tanga wanaletwa watoto na madaftari yao, mama anakwambia "baba naomba unisaidie na huyu, shuleni wanasema hata kugawanya hajui," na mtoto mwenyewe kasimama pembeni anaangalia chini. Wengi wao kugawanya wanajua. Wasichokijua ni kwamba kwenye mlinganyo wana ruhusa ya kuzitoa sehemu zote kabla hawajaanza kazi yenyewe, na hakuna mtu aliyewaambia ruhusa hiyo inatoka wapi na inaishia wapi. Hilo ndo nataka kuliandika leo, kwa kirefu kidogo maana nimechoka kulirudia mdomoni.

Turudi kwenye x/3 + x/4 = 7. Ukiwapa vijana watatu utapata karatasi tatu tofauti. Wa kwanza atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata 2x/7 = 7, anaendelea 2x = 49, x ni 24 na nusu. Anaweka duara kwenye jibu. Sasa hebu angalia, theluthi ya 24 na nusu peke yake imeshapita 8, afu bado hujaongeza robo yake, itakuwaje vyote viwili kwa pamoja viwe 7? Wala haihitaji hesabu, jicho tu linatosha, ila hajazoea kurudi kuangalia.

Wa pili ni yule wa kisasa, kila sehemu kwake lazima iwe desimali. Anaandika 0.33x + 0.25x = 7, anapata 0.58x = 7, anabonyeza kalkuleta ya simu inampa 12.068 na makorokoro mengine nyuma. Kakaribia kweli, ila kukaribia sio kufika, na kilichompoteza ni ile theluthi aliyoikata mkia. Theluthi haina mwisho kwenye desimali, 0.333 inaenda hivohivo mpaka karatasi iishe, ukiikata popote umeshapoteza kitu, na hicho kitu kinakuja kuonekana kwenye jibu. Ushauri wangu ni mkali hapa, ukiona 3, 6, 7 au 9 kwenye asili, yaani namba ya chini ya mstari, desimali iache.

Wa tatu anafuata njia aliyofundishwa msingi, anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 ambayo ni 12, anaandika 4x/12 + 3x/12 = 7, anapata 7x/12 = 7, anazidisha pande zote kwa 12, 7x = 84, x = 12. Yuko sahihi kabisa, mpe maksi zake zote. Lakini ona alivyozungusha, hiyo 12 kaibeba chini ya mstari hatua mbili tatu nzima afu mwishoni ndo anaitupa. Si angeitupa mwanzoni?

Kuitupa mwanzoni ni hivi. Umeshajua KDS ni 12. Zidisha kila kitu kwa 12, kila kitu maana yake kila kitu, kushoto na kulia. 12 mara x/3 inakuwa 4x kwasababu 12 kwa 3 ni 4. 12 mara x/4 inakuwa 3x. 12 mara 7 ni 84. Umebaki na 4x + 3x = 84, hakuna sehemu hata moja, 7x = 84, x = 12. Sasa jaribu jibu, 12 kwa 3 ni 4, 12 kwa 4 ni 3, nne na tatu saba. Imekaa.

Kwanini tunaruhusiwa? Kwasababu alama ya sawasawa inasema kilichopo kushoto na kilichopo kulia ni kitu kimoja kwa thamani, hata kama sura zimetofautiana. We na mwenzio mna hela sawa mfukoni, yako ya noti moja, yake ya sarafu, kila mmoja akizidishiwa mara 12 mtabaki sawa tu, hakuna atakayelalamika. Ukimzidishia mmoja peke yake, ugomvi. Basi, ruhusa yote imekaa hapo, hakuna uchawi mwingine, na ndo maana mi sipendi ule msemo wa "ikivuka inabadilika alama" unaopigwa sana madarasani, yaani mtoto anaambiwa namba ikivuka upande wa pili jumlisha inageuka kutoa na kuzidisha inageuka kugawanya, anakariri, hajui kwamba hakuna kitu kinachovuka, kuna kitu kinafanywa pande zote mbili. Siku akikutana na sehemu anaanza kujiuliza hii 3 ya chini nayo inavuka? Inavuka ikiwa chini au ikiwa juu? Anavusha 3 anaisahau 4. Sio kosa lake jamani, kapewa kanuni isiyo na sababu.

Sasa kuna kitu ambacho ukikikosa hapa utaharibu kote mbele. Ruhusa inatoka kwenye alama ya sawasawa. Kama hakuna alama ya sawasawa, huna ruhusa. Swali likisema rahisisha x/2 + x/3, pale hakuna mlinganyo, kuna kitu kimoja tu kimekaa peke yake, hauna upande wa pili wa kuupa haki yake. Kijana ambaye juzi kafurahia kutupa asili anaona sehemu, anazidisha kwa 6, anaandika 3x + 2x = 5x, anafunga daftari. Amekikuza kitu mara sita afu anasema ni kilekile. Jibu ni 5x/6, asili inabaki, haiendi popote. Jaribu na x = 6 uone, nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5, na 5x/6 inakupa 5, wakati yeye 5x yake inampa 30. Aisee hili kosa nimeliona mpaka kwa watu wazima wanaorudia mtihani, tena wale wenye bidii, kwasababu ndo wanaoishika njia mpya kwa nguvu mpaka wanaitumia pasipostahili. Kwahiyo kabla hujagusa kalamu soma swali limesema nini, rahisisha au tafuta x. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tukishakubaliana hapo, yanabaki makosa mawili ambayo ndo yanakula maksi za watu, mengine yote ni madogo.

La kwanza ni kusahau namba nzima. Chukua x/2 − 5 = x/3. KDS ni 6. Mtoto anazidisha x/2 anapata 3x, anazidisha x/3 anapata 2x, halafu 5 anaiacha kama ilivyo kwasababu anaona yenyewe haina sehemu, haihusiki na huu ugomvi. Anaandika 3x − 5 = 2x, x = 5. Mwambie ajaribu, nusu ya 5 ni mbili na nusu, toa 5 tumeshaingia hasi, na kulia theluthi ya 5 ni chanya. Haiwezekani. Ile 5 nayo ni mkazi wa huo mlinganyo, lazima izidishwe, inakuwa 30, tunapata 3x − 30 = 2x, x = 30. Nusu ya 30 ni 15, toa 5 ni 10, theluthi ya 30 ni 10. Mi huwa nawaambia waandike 5/1 kama macho yao yanahitaji kuona sehemu ndo yakumbuke. Wengine wanacheka, ila inasaidia.

La pili ni alama ya kutoa mbele ya sehemu, na hili ni baya kuliko la kwanza kwasababu hata wazuri linawakamata. Angalia hii:

(x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5

KDS ni 10. Ukizidisha unapata 5(x + 1) − 2(x − 3) = 50. Mpaka hapo wengi wanafika salama. Ukifungua mabano, kutoa 2 mara x ni kutoa 2x, na kutoa 2 mara kutoa 3 ni kujumlisha 6. Inakuwa 5x + 5 − 2x + 6 = 50, yaani 3x + 11 = 50, 3x = 39, x = 13. Jaribu, 14 kwa 2 ni 7, 10 kwa 5 ni 2, saba toa mbili ni tano, safi. Anayekosea anaandika kutoa 6 badala ya kujumlisha 6, anapata 3x − 1 = 50, x = 17, na 17 ni namba nzima nzuri tu, haimshtui, anaenda zake. Akiijaribu ndo ataona 18 kwa 2 ni 9, 14 kwa 5 ni 2.8, tofauti ni 6.2, sio 5.

Chanzo chake ni kwamba ule mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano na hatuusemi. Kilichopo juu ya mstari kimefungwa pamoja, x − 3 ni mzigo mmoja, ukitoa unatoa mzigo wote. Kwenye daftari mstari upo, unaonekana, kwahiyo hakuna anayeandika mabano. Ukishautupa mstari na mabano hukuyaandika, mzigo umefunguka njiani na alama ya kutoa imemshika x peke yake. Kwahiyo kabla ya kutupa asili, weka mabano kwenye kila kiasi, yaani kilichopo juu ya mstari, chenye vitu viwili, hata kama unaona ni kujaza wino. Mi nikisahihisha daftari naangalia mabano kwanza kabla hata ya jibu.

Kuna njia ya mkato wanaipenda sana, ile ya kuzidisha msalaba, juu ya huku na chini ya kule. (x + 2)/3 = (x − 1)/2, unazidisha msalaba, 2(x + 2) = 3(x − 1), 2x + 4 = 3x − 3, x = 7. Tatu huku, tatu kule, hongera. Siipingi, lakini ujue ni mtoto wa ileile njia ya KDS, umezidisha pande zote kwa 6 tu, na inafanya kazi pale tu ambapo kila upande una sehemu moja na hakuna kitu kingine. Ukiwa na x/2 + x/3 = 5 hauna msalaba wa kupiga hapo, jumlisha imekaa katikati, sio sawasawa. Wanaupiga hivohivo. Ndo maana sianzi nayo kufundisha, nawaacha waikute wenyewe huko mbele, wanaiona kama zawadi.

KDS nayo isikutishe. Mtu anakwama dakika kumi anatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8 wakati angeweza kuzidisha hizo mbili akapata 48 akaendelea na safari. KDS ni 24, ni kweli, na namba zitakuwa ndogo ukiitumia, ila 48 nayo inazitoa sehemu zote vilevile, kigawe chochote cha shirika kinafaa. Udogo ni kukupunguzia jasho tu.

Na x ikiwa chini? Kama 6/x + 1/2 = 2. Njia ni ileile, asili zako ni x na 2, zidisha kila kitu kwa 2x, unapata 12 + x = 4x, 3x = 12, x = 4. Kitu kimoja tu cha kuangalia, x ya chini haiwezi kuwa sifuri, wala kitu chochote cha chini hakiwezi kuwa sifuri, kwahiyo ukimaliza rudi uangalie. Ukitaka kuona kwanini, jaribu x/(x − 2) = 2/(x − 2) + 3. Zidisha kwa x − 2, unapata x = 2 + 3(x − 2), ukifungua x = 3x − 4, x = 2. Hesabu zote ziko sawa, hakuna alama iliyokosewa, halafu ukiirudisha 2 kwenye swali unagawanya kwa sifuri. Jibu lake ni kwamba hakuna jibu. Ulipozidisha kwa x − 2 ulikuwa unaamini sio sifuri, na kumbe kwa 2 ni sifuri, kwahiyo ruhusa yako ilishakwisha pale. Vijana wanaona kama wameibiwa, "sasa anko mtu anatungaje swali halina jibu?" Yapo, na yanatoka kwenye mitihani.

Haya mambo sio mageni kama yanavyofundishwa. Kuna karatasi ya mafunjo iko British Museum pale London, Mskoti mmoja anaitwa Alexander Henry Rhind aliinunua Luxor mwaka 1858, iliandikwa na karani wa Misri aliyeitwa Ahmes miaka kama 1550 kabla ya Kristo, na mwenyewe anasema ananakili kutoka kwenye maandishi ya zamani zaidi. Mle ndani kuna swali la 24, kiasi fulani na subui yake, yaani moja ya saba yake, vyote pamoja ni 19. Kwetu ni x + x/7 = 19. Jamaa hana x, hana alama ya sawasawa, unajua kafanyaje? Kasema tuchukulie ni 7. Kwanini 7 na sio 10? Kwasababu 7 inaifuta ile sehemu, saba na subui yake ni 7 na 1, ni 8, namba nzima. Sasa mi nataka 19, nimepata 8, kwahiyo nimekosea kwa kiwango cha 19 kwa 8, ngoja niikuze 7 yangu kwa kiwango hichohicho. Anapata 16 na nusu na thumuni (moja ya nane), ambayo kwetu ni 16 na 5/8. Ukitumia njia yetu, zidisha kwa 7, 7x + x = 133, x = 133/8, ni ileile. Yaani karani wa Misri naye alianza kwa kuitoa sehemu njiani, ila yeye aliitoa kwa kuchagua namba ya kukisia. Kwenye swali la 26, kiasi na robo yake ni 15, anakisia 4, inakuja 5, anazidisha mara tatu, 12. Hii unaweza kuifanya kichwani ukiwa kwenye daladala.

Na huku pwani tuna watu wanaofanya hizi kazi kila mwaka bila kuziita aljebra, nao ni masheikh wa mirathi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha aljebra kiliandikwa kwenye miaka ya 820 hivi, sehemu kubwa ya mwisho wa kile kitabu ni wasia na mirathi, mtu kafa kaacha hiki na hiki, nani anapata ngapi. Mafungu yaliyotajwa kwenye Qurani ni sita, nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi, yaani moja ya sita. Sheikh akiletewa kesi hagawi hela kwanza. Anatafuta namba moja ambayo mafungu yote yanaingia humo bila kukatika, afu anagawa kwa mafungu mazima. Hiyo ni KDS, hakuna jina lingine. Kwa mafungu hayo sita namba hizo ziko saba tu, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, na anayejua kazi yake anazo kichwani.

Tuseme mzee amefariki, madeni yamelipwa, wasia umetolewa, kabaki mjane, mama wa marehemu na watoto wa kiume na wa kike. Mjane ana thumuni kwasababu kuna watoto, mama ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Watoto kwa pamoja wamepewa milioni 17 na wanataka kuhakikisha mali yote ilikuwa shilingi ngapi. x − x/8 − x/6 = milioni 17. Zidisha kwa 24, 24x − 3x − 4x = milioni 408, 17x = milioni 408, x = milioni 24. Mjane milioni 3, mama milioni 4, watoto 17, hesabu imefunga. Nilimwandikia hii kijana mmoja ambaye babu yake ndo anaulizwa mambo haya mtaani, akaenda kumuonesha, babu akajibu bila kushika kalamu, "ishirini na nne, saba imetoka, kumi na saba imebaki, wanatafuta nini tena?" Yule kijana toka siku hiyo haogopi tena asili, anasema kumbe ni kitu cha nyumbani.

Tena kuna kesi ambayo mafungu yanazidi mali yenyewe. Mjane, mabinti wawili, baba na mama wa marehemu. Thumuni, theluthi mbili, sudusi na sudusi. Kwenye 24 ni 3 na 16 na 4 na 4, jumla 27. Ishirini na saba juu ya ishirini na nne, mali haitoshi mafungu. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papohapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Yaani mali inagawanywa kwa 27 badala ya 24, mke anachukua 3 kati ya 27 ambayo ni moja ya tisa, na kila mtu anapungukiwa kwa uwiano uleule. Ukiiweka kimlinganyo, fungu moja liite x, 3x + 16x + 4x + 4x = mali yote, x ni mali kwa 27. Mtu kalijibu hilo kichwani katikati ya hotuba. Sisi na daftari tunahema.

Kuna na lile fumbo la kaburi la Diophantus wa Alexandria, mwanahesabu wa kale, kwamba utoto wake ulichukua sudusi ya maisha yake, ndevu zikaota baada ya sehemu ya kumi na mbili nyingine, akaoa baada ya subui nyingine, miaka 5 baadae akapata mtoto, mtoto akaishi nusu ya umri wa baba, na baba akafa miaka 4 baada ya mtoto. x/6 + x/12 + x/7 + 5 + x/2 + 4 = x. Hii nawapa wakishaiva. KDS ni 84, na watakaosahau kuzidisha ile 5 na ile 4 wanajitokeza wenyewe. 14x + 7x + 12x + 420 + 42x + 336 = 84x, 75x + 756 = 84x, 9x = 756, miaka 84.

Lakini ona, jibu limetoka zuri tena. Na hapa nna malalamiko yangu kwa watunga maswali, pamoja na mimi barazani, maana mifano karibu yote niliyoiandika humu nimeipika itoke namba nzima. Matokeo yake kijana akipata 5/8 anafuta. Anaanza upya akiwa alikuwa sahihi, nimeona karatasi zina jibu sahihi limekatwa na chini yake kuna jibu la uongo lenye sura nzuri. Kwahiyo siku hizi wakiniambia wameiva nawapa swali la 31 la ile mafunjo ya Ahmes, kiasi, theluthi mbili yake, nusu yake na subui yake, vyote pamoja ni 33. Zidisha kwa 42, 42x + 28x + 21x + 6x = 1386, 97x = 1386, x ni 14 na 28/97. Wanafuta. Wanarudia. Inakuja ileile. Wanafuta tena, afu mmoja anauliza kwa sauti ya chini kama swali limekosewa. Ndo nawaonesha alivyoliandika karani mwenyewe, ambaye kwao sehemu karibu zote ziliandikwa kwa kiasi cha 1, yaani juu ya mstari ni 1 tu: 14 na 1/4 na 1/56 na 1/97 na 1/194 na 1/388 na 1/679 na 1/776. Anayebisha ajumlishe, kalkuleta ruksa.